Corolla KE70 inagonga mlimani na kuchemka kwenye foleni: kabla hujaigusa tena distributa

Swali: Shikamoo fundi. Nina Corolla KE70 aliyoniachia baba, injini 4K ya kabureta, na bado inatumia pointi. Mwezi uliopita niliweka pointi na kondensa mpya. Tangu hapo inagonga nikipanda kutoka Ubungo kwenda Kimara, na injini ikiwa ya moto starta inazunguka kwa shida utadhani betri imeisha, ilhali betri ni mpya. Fundi wa kwanza aligeuza distributa kidogo. Kugonga kukaisha, lakini gari likawa zito, linachemka kwenye foleni ya Manzese, na nikizima funguo injini inaendelea kutetemeka. Fundi wa pili akairudisha ilipokuwa, kugonga nako kukarudi. Anasema taiming cheni imelegea, tufungue mbele. Wa tatu anasema ninunue distributa ya mtumba Gerezani. Nimsikilize nani? Msomaji, Kimara.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usimpe hela yeyote kati ya hao watatu. Wa kwanza na wa pili wamezungusha kitu kilekile, yaani distributa inayogawa moto kwa plagi, mmoja kwenda na mwingine kurudi, na kwa maelezo yako hakuna aliyeshika taa ya taiming wala fila geji, yale majani ya chuma ya kupimia mwanya. Wa tatu anaweza kuwa amepatia kwa bahati, na nitakueleza namna ya kuhakikisha. Ila dalili kubwa umeiandika mwenyewe na kuipita: tatizo limeanza zilipowekwa pointi mpya. Cheni haichagui kulegea siku ya kubadilisha pointi.

Moto wa plagi haungoji pistoni ifike juu kabisa. Unatangulia kidogo, kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa unahitaji muda wa kuungua, na kiasi cha kutangulia huko ndiyo taiming. Kwa 4K nyingi za KE70 kiasi hicho ni nyuzi 8 za krenki kabla ya kilele, injini ikinguruma taratibu kwenye mizunguko kama 750 kwa dakika. Kibandiko cha chini ya boneti kikiwa bado kinasomeka, fuata hicho, maana Toyota walitoa injini hii katika matoleo mengi. Moto ukitangulia mno, shinikizo linaikuta pistoni ingali inapanda: injini inagonga ikibeba mzigo, na wakati wa kuwasha ikiwa ya moto krenki inasukumwa kurudi nyuma huku starta ikiivuta mbele. Ndiyo starta yako inayojikwaa. Moto ukichelewa, petroli inaendelea kuungua hadi vali ya ekzosi inapofunguka, na joto linaishia kwenye silinda hedi na ekzosi badala ya kusukuma pistoni. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, na kwenye foleni rejeta inazidiwa.

Kwa hiyo gari lilianza likiwa na moto unaotangulia, na fundi wa kwanza akalivusha hadi upande wa pili. Hilo la kutetemeka baada ya kuzima nalo linatokana na kazi yake. Funguo ikizimwa plagi hazipati umeme, hivyo si plagi zinazoizungusha injini. Taiming ikichelewa mngurumo unashuka, na bila shaka alikaza skrubu ya kabureta ili kuupandisha. Mlango wa kabureta ukabaki wazi kuliko kawaida, hedi ina joto la ziada, na petroli inayovutwa inajiwakia yenyewe kwenye masizi yenye moto. Kama fundi wa pili alirudisha distributa akaiacha skrubu, bado una kosa moja juu ya jingine. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye kupima.

Sasa pointi zenyewe, yaani swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili. Watu wengi huona upana wa pointi na taiming kama mambo mawili, kumbe yamefungwa pamoja. Cheche inatoka pale pointi zinapoachana. Ukizipanua, kamu ya distributa inazifungua mapema zaidi, na taiming inatangulia hata kama hakuna aliyegusa boliti ya distributa. Ukizibana, inachelewa. Kipimo cha pointi za Toyota hizi za silinda nne ni milimita 0.45. Na mtaani zinapangwa kwa nini? Kwa kipande cha msumeno wa chuma. Unene wake ni karibu milimita 0.6. Hapo umeshaitanguliza taiming nyuzi kadhaa, kisha unashangaa injini kugonga. Fundi umeme mwenye mita inayosoma pembe ya pointi kufungwa anaweza kukupimia bila kufungua chochote: kwenye gari lako inatakiwa isome karibu nyuzi 52, na kila nyuzi moja inayopungua hapo ni takriban nyuzi moja ya taiming iliyotangulia. Mita ikisoma 44, umeshapata mchawi wako.

Kazi ya kwanza, basi, ni upana wa pointi. Usiguse distributa kabla ya hapo, kwa sababu ukipanga taiming juu ya pointi zilizokosewa, siku utakayozirekebisha taiming inahama tena. Chomoa plagi zote nne, injini itazunguka kwa urahisi kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele. Zungusha mpaka kisigino cha pointi, kile kipande kinachosukumwa na kamu, kikae juu kabisa ya pembe ya kamu. Futa fila geji iwe kavu, maana mafuta yakibaki kwenye pointi yanaungua na kuzitia weusi. Jani la 0.45 lipite likikwaruza kidogo. Kaza skrubu, pima tena. Narudia, pima tena, kwa sababu skrubu ile ikikazwa huivuta sahani na upana hubadilika. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu, kiasi cha kuonekana inang'aa tu. Kisigino kikavu kinalika haraka, upana unapungua, na baada ya miezi michache taiming imechelewa yenyewe. Hata kisigino kipya hulika kidogo mwanzoni kinapozoea kamu, kwa hiyo zirudie pointi hizo baada ya wiki chache za matumizi.

Ukiona pointi mpya zimeshapata kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, shuku kondensa. Zinazouzwa siku hizi ubora wake ni wa kubahatisha, na kama ile ya zamani unayo, hasa ikiwa ni ya asili, irudishe uone. Angalia pia kama koili iliwahi kubadilishwa. Kuna koili zinazotaka rezista kwenye njia ya umeme na kuna zisizotaka. Yenye kutaka ikifungwa bila rezista, inachemka na kuzichoma pointi.

Pointi zikishakaa sawa, hakikisha alama ya puli inasema ukweli. Sehemu hii mafundi wengi huiruka, na mimi ndiyo ninayoikazania. Kwenye baadhi ya injini puli ni vipande viwili vilivyoungwa kwa mpira. Mpira ukizeeka, pete ya nje yenye alama inateleza, na unapanga taiming kwa uongo. Puli inaweza pia kuwa ya injini nyingine, au mtu aliwahi kuipiga patasi alama yake mwenyewe. Silinda namba moja ya Corolla yako ni ile ya mbele, karibu na rejeta. (Mwenye Peugeot 504 akisoma hapa asikimbilie: kwake namba moja inahesabiwa upande wa flaiwili.) Ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole gumba huku mwenzako akizungusha puli kwa spana. Hewa ikikisukuma kidole, pistoni inapanda kwenye mgandamizo na kilele kiko karibu.

Kukipata kilele chenyewe, usitegemee bisibisi ndefu ndani ya tundu. Pistoni ikifika juu hukaa nyuzi kadhaa bila kusogea kwa kiasi cha kuonekana, na tundu la plagi limelala upande. Chukua plagi iliyokufa, vunja kaure yake, funga boliti yenye ncha ya mviringo katikati itokeze ndani kidogo. Ifunge kwenye silinda namba moja. Zungusha krenki polepole kwa spana hadi pistoni iguse, weka alama kwenye puli ukilenga kiashirio. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele kilipo. Kwa mkono tu; ukipiga starta na kitu hicho kikiwa ndani utatoboa pistoni.

Baada ya hapo unaweza kupanga taiming hata bila taa ya bei. Tafuta balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja kwenye ncha ya koili inayokwenda kwenye distributa, wa pili kwenye bodi. Zungusha injini kwa uelekeo wake wa kawaida hadi alama ya nyuzi 8 ikutane na kiashirio kwenye mgandamizo wa namba moja, ukihakikisha rota inaelekea waya wa namba moja. Ukipitiliza usirudi hapo hapo; rudi nyuma robo mzunguko, kisha uje tena mbele, ili cheni ibaki imevutika upande wake wa kazi. Washa funguo. Legeza boliti ya distributa, igeuze kufuata mzunguko wa rota hadi balbu izime, kisha irudishe polepole kinyume cha mzunguko huo. Inapowaka tu, simama na ukaze. Pointi zimeachana, cheche ingetoka hapo. Kanuni hiyo itakufaa daima: bodi ya distributa ikigeuzwa kinyume cha rota taiming inatangulia, ikifuata rota inachelewa. Zima funguo mara umalizapo, maana pointi zikifunga huku injini imesimama koili inachemka bure.

Waya za plagi zifuate 1-3-4-2 kwa uelekeo wa rota.

Sasa azima taa ya taiming, hata ya rafiki. Paka alama ya puli kwa rangi nyeupe. Pasha injini hadi joto la kazi, chomoa mpira wa vakyumu (kopo linalotanguliza taiming kwa mvuto wa hewa ya kabureta) kwenye distributa na uuzibe kwa boliti ndogo, kisha rudisha mngurumo kuwa karibu na 750 kwa ile skrubu iliyochezewa. Ukipima injini ikiwa kwenye 1,100, uzito wa ndani ya distributa, ule unaofunguka mizunguko ikipanda, umeshaanza kuitanguliza taiming. Utasoma 12 au zaidi, utairudisha hadi 8, na utakuwa umechelewesha gari bila kujua. Nadhani kitu cha namna hii ndicho kilichomponza fundi wako wa kwanza, kama alipima kabisa.

Iangalie alama inavyokaa chini ya mwanga. Ikitulia kama imegandishwa, vizuri. Ikirukaruka huku na huko, kuna kitu kimelegea: bushi za shafti ya distributa, sahani inayobeba pointi, au cheni. Zima injini, toa kepu, shika ncha ya shafti na uitikise kwa pembeni. Mchezo mdogo sana unavumilika. Ukiuhisi kwa vidole na kuuona kwa macho kwamba pointi zinapanuka na kubana, huwezi kupanga distributa hiyo kwa kipimo chochote, na hapo fundi wa tatu anakuwa amepatia.

Kisha kanyaga mafuta taratibu ukiwa na taa. Alama iondoke kwa ulaini kuelekea kutangulia na irudi mahali palepale ukiachia. Isipotembea, uzito umeganda. Ikitembea na isirudi, umeganda ukiwa wazi, au springi imekatika, na hiyo pekee inatosha kuleta kugonga na starta ngumu hata kama pointi ni sahihi. Ujaribu kwa mkono: shika rota, izungushe kwa uelekeo wake, iende kidogo kisha ukiiachia irudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na chini ya ile sahani ya pointi kutu inakaa miaka bila mtu kuangalia. Safisha, weka tone la mafuta kwenye viungo. Springi ziko mbili na mara nyingi hazifanani, moja ikionekana imelegea. Imetengenezwa hivyo makusudi ianze kazi kwenye mizunguko ya juu. Usiikate wala usiikunje eti kuikaza. Nimeona distributa nzima zikiharibiwa na juhudi hiyo.

Vakyumu hupimwa kwa mdomo. Vuta mpira ukiangalia sahani: isogee, na ukiziba kwa ulimi ibaki ilipo. Ikirudi, diaframu imetoboka, na gari litakula mafuta kwenye mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Angalia pia mpira unatokea wapi kwenye kabureta. Kwa kawaida tundu lake liko juu kidogo ya mlango, kiasi kwamba injini ikinguruma taratibu hakuna mvuto. Mtu akiwa ameuhamishia kwenye manifoldi, taiming inatangulia muda wote ukiwa umesimama. Na distributa nyingine za Toyota za zamani zina kirungu kidogo kando ya vakyumu cha kurekebishia kulingana na oktani ya petroli. Kama yako inacho, kiweke katikati kabla ya kupima, maana watoto wa gereji hupenda kukichezea.

Kuhusu cheni, fundi wa pili amekosea mantiki yenyewe. Distributa ya 4K inaendeshwa kutoka kwenye kemshafti, shafti inayofungua vali. Cheni ikirefuka, kemshafti inabaki nyuma ya krenki, na distributa inabaki nyuma pamoja nayo. Yaani cheni iliyochoka huchelewesha moto. Wewe unalalamika kugonga, ambako ni moto kutangulia. Ikiruka jino moja, hiyo ni tofauti ya nyuzi 15 au zaidi za krenki kwa mpigo, na gari lingekuwa zito kupindukia au lisingewaka. Hata hivyo ni gari la zaidi ya miaka 35, kwa hiyo ipime kwa dakika mbili: kepu ikiwa nje, zungusha krenki mbele kwa spana, kisha irudishe nyuma polepole ukitazama rota. Hesabu kwa alama za puli krenki imesafiri nyuzi ngapi kabla rota haijaanza kusogea. Nyuzi tatu nne zisikusumbue. Zikikaribia kumi, panga bajeti ya cheni, tensheni yake na gasketi, lakini kwa wakati wako, si kwa kutibu kugonga huku.

Ukilazimika kwenda Gerezani, usinunue distributa iliyopakwa rangi ikang'aa. Omba kuifungua pale pale mezani. Tikisa shafti, zungusha rota uone kama inarudi, vuta vakyumu kwa mdomo, angalia meno ya gia yake. Muuzaji akikataa, maduka ni mengi. Wapo wanaoweka distributa ya 5K, injini ya ukoo uleule wa 4K, isiyo na pointi, na binafsi naipenda kwa sababu inakuondolea habari ya kisigino na grisi. Ila itabidi upate na igniti yake, kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi ya pointi, na koili inayoendana nayo, na taiming bado utaipanga kwa taa.

Tuseme umefanya yote, taa inasoma 8, alama imetulia, na bado inagonga ukipita Kibo. Hapo acha taiming. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza oktani na kugonga namna ileile. Tangu EWURA, mamlaka ya nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 uchakachuaji umepungua, lakini kidumu cha kando ya barabara hakina anayekikagua, kwa hiyo maliza tangi na ujaze kituo kingine kabla ya kufungua chochote. Gasketi ya manifoldi inayovuta hewa hufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo, nao hugonga. Puliza gesi ya kiberiti cha gesi kisichowashwa kwenye kiungo injini ikinguruma, mbali na waya zinazovujisha cheche, na mngurumo ukipanda umeipata. Masizi mazito juu ya pistoni huongeza mgandamizo na kubaki na moto, na gari lililochelewa taiming kwa wiki kadhaa huyalimbikiza. Angalia namba ya plagi pia, kuna plagi zinazobaki na joto kupita kiasi kwa injini hii. Na kama kuna aliyekutolea thermostati kwa sababu gari linachemka, irudishe. Hiyo dawa ya mtaani ya Dar inaficha chanzo, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi haiwezi kupangwa ikapangika.

Gari likikataa kwa namna nyingine, la kumisi (silinda kukosa moto) asubuhi za masika na kupona jua likitoka, hiyo ni kepu au waya zenye unyevu, wala si taiming. Fungua boneti usiku penye giza injini ikiwaka, utaziona cheche zikitembea nje ya waya.

Jaribio la mwisho lifanyie barabarani injini ikiwa ya moto. Gia ya nne, mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye mwinuko, kanyaga hadi chini. Mlio mdogo unaosikika sekunde moja kisha ukapotea kadiri mwendo unavyoongezeka unakubalika. Ukiendelea, chelewesha nyuzi mbili, ujaribu tena palepale kwenye mwinuko uleule. Ukihitaji kushuka chini ya nyuzi 4 ili kugonga kuishe, acha, rudi kwenye uzito wa distributa na masizi.